Bata Sita na Mkono wa Mwanakombo

Madam wangu wa sasa, na sijui ni wa sasa mpaka lini, akiingia dukani hapa Al-Nuzha mimi najua nimepewa saa nzima ya kuwa binadamu. Naegesha gari kivulini, navua viatu, nalaza kiti nyuma, na nikibahatika napata usingizi wa kukoroma. Jumapili iliyopita nilikuwa nimeanza kukoroma vizuri mtu akagonga kioo. Niliruka nikijua ni askari, nikashusha kioo huku naomba msamaha kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Nikajibiwa kwa Kiswahili cha pwani. “Vaa viatu kwanza, Yusufu. Miguu yanuka mpaka huku nje.” Sasa, mimi hapa Jeddah naitwa Josefu, jina alilonipa mama. Yusufu nilikuwa kwa watu wa nyumba moja tu, Riyadh, miaka kumi na minne iliyopita. Nilimwangalia yule mama usoni sikumjua, alikuwa amenenepa na amevaa miwani. Halafu akaweka mkono wa kulia juu ya mlango wa gari, na ule mkono niliujua kabla ya uso wake. Umepinda kwa ndani kwenye kifundo, na vidole viwili vya mwisho havinyooki.

“Mwanakombo,” nikasema.

“Ndiye. Mkataba wangu hapa umekwisha, Alhamisi naondoka, kaka, narudi kwetu Kwale moja kwa moja. Nimekuona hapa mara mbili, leo nikasema simwachi. Nina neno nataka kwako.”

Mimi mtu akiniambia ana neno, mzaha unanitoka wenyewe kama jasho. Nikamwambia kama ni ndoa amechelewa, Kitui nina mke, na yule mke anapiga. Hakucheka. Nikanunua chai mbili za vikombe vya karatasi, tukasimama kati ya gari na pipa la taka, yeye akashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Neno lake nitalisema, lakini kwanza niwarudishe mwaka ule, kwa sababu bila hivyo mtadhani mimi ni mtu mzuri. Nina hiyo sura.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na akili ya kumi na sita. Shule niliachia kidato cha pili, na mwalimu wangu wa jiografia siku hiyo alitoa machozi, ya furaha. Ajenti wa Nairobi aliponijazia fomu, pale kwa dini akaandika Muislamu. Nikamwambia bwana, mimi ni wa kanisa, mama yangu ni wa kwaya. Akasema dreva Muislamu anapata nyumba haraka, na kwani nani atakufungua moyo aangalie. Basi nikafika Riyadh nikiwa Yusufu, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ikasema hivyo hivyo. Nyumba haikuwa mbali na Olaya, ukipanda juu kuanika nguo unaona yale maghorofa ya vioo yanang'aa. Siku hizo treni za kupita juu hazikuwepo, mji mzima ulikuwa unabebwa na madreva. Chumba changu kilikuwa kando ya geti, kati ya pampu ya maji na mitungi ya gesi, kitanda kimoja, msumari mmoja wa kutundika suruali, na dirisha dogo linalotazamana na dirisha la jikoni. Ndani ya lile dirisha la jikoni ndiko alikokuwa Mwanakombo, mfanyakazi wa ndani, miaka thelathini hivi, mtu wa dini kwelikweli. Alinigundua siku ya tatu. Alisema aliniona nasali nikifuata watu wengine kama mtu anayejifunza densi harusini.

Angeweza kusema. Badala yake akaanza kunifundisha, yeye akikaanga vitunguu huku, mimi nimesimama kule kwangu na taulo kichwani. “Usiniangalie mimi, angalia chini,” anasema. “Na usitabasamu, huko si studio ya picha.” Jambo moja tu alinikataza. “Yusufu, siku wakikwambia uchinje, usichinje. Hata kuku. Uongo wa kusali ni wako na Mungu wako, lakini nyama inaingia kwenye tumbo la mtu mwingine.” Hilo nililielewa bila kufundishwa. Kwetu hata kijiji kizima kiwe cha Wakristo, siku ya harusi lazima atafutwe Muislamu mmoja, hata wa kutoka mbali, apewe kisu na soda, achinje ili kila mgeni ale. Mkristo hachinjii watu wa mchanganyiko. Mimi na yeye tulikulia kwenye sheria hiyo, na wala hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani hana habari nayo.

Bosi mwenyewe alikuwa mtu wa safari, sina la kumsema. Aliyekuwepo ni mwanawe Nawaf, wa miaka ishirini na tatu, na huyo alikuwa na mkono. Kofi la kwanza alinipa wiki yangu ya pili kwa kuacha gari juani. Nikacheka. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya kuliko zote, nikipigwa nacheka, na mtu akiona unacheka anakuongeza. Mwanakombo alikuwa anarushiwa vitu, kiatu, rimoti, siku moja sufuria ya wali yenye wali. Niko chumbani kwangu nasikia kitu kinagonga ukuta wa jikoni, halafu kimya, halafu maji ya bomba. Baada ya dakika tano anatokea dirishani ananiuliza kama nimekula. Hatukuwahi kuzungumza juu ya hiyo sauti ya ukutani. Tulizungumza juu ya chumvi.

Mtu mmoja tu nyumba ile alituita kwa majina bila kupiga kelele, naye ni babu yake Nawaf, tuliyemwita Jaddi kama wajukuu wake. Alikuwa mwalimu mstaafu, miguu imeisha lakini macho ya ajabu, na ugonjwa wake ulikuwa ndege. Baridi ikishaingia, kila Jumamosi asubuhi nampakia mbele na darubini yake na daftari, Mwanakombo anakaa nyuma na dawa, blanketi na chupa ya gahawa, tunapitia Al-Dirah kununua mkate wa moto na maharagwe, halafu tunashika barabara ya kusini mpaka kwenye hifadhi. Usinione nasema hifadhi ukafikiri simba. Ni bonde la matete na madimbwi makubwa katikati ya jangwa, na maji yake, Jaddi alinieleza kwa fahari, ni maji ya vyoo vya Riyadh yaliyosafishwa. Nikasema kimoyomoyo kwamba basi hata mimi nimechangia. Lakini ndege walikuwa wengi mno, bata wa kila rangi waliokimbia baridi huko kaskazini, yangeyange, mdiria, na wale weusi wenye paji jeupe kama wamepakwa chokaa. Tulikula mkate ndani ya gari vioo vimefungwa, maharagwe yanatoa moshi, halafu namfungulia Jaddi kiti chake cha kukunja ukingoni, na anakaa saa tatu bila kujikuna.

Mimi nilidhani kuangalia ndege ni kazi ya watu wapole. Jaddi alichopenda kuliko vyote ni mwewe mmoja wa matete. Yule mwewe anachagua ndege mmoja mweusi katikati ya kundi, anamshukia, yule anazama, mwewe anangoja hapo hapo juu, akiibuka anashukiwa tena, anazama, anaibuka, mpaka pumzi inaisha. Mwisho mwewe anamkalia mgongoni ndani ya maji, anamshikilia chini kama mama anayefua. “Tazama, Yusuf,” Jaddi ananong'ona, ananipa darubini. “Anamzamisha. Mtu wa kawaida angesema anaoga. Lazima ujue kutazama.” Aliandika kwenye daftari saa na dakika. Akamwambia Mwanakombo naye atazame. Mwanakombo akajibu kwa adabu, “Ahsante, baba. Mimi nyumbani naona ya kutosha.” Jaddi aliangalia daftari lake kwa muda, halafu akaomba gahawa.

Kosa lilikuwa la Jaddi mwenyewe, kusimulia mezani kwamba bata wameshuka kwa mamia. Jumamosi iliyofuata, hatujamaliza hata nusu saa, likaja gari kubwa jeupe, akashuka Nawaf na rafiki zake wawili na bunduki tatu. Kibao cha kukataza kuwinda kilikuwa pale pale, waliegemeza thermosi yao juu yake. Jaddi alikuwa ng'ambo ya dimbwi, hatua mia mbili hivi, na mimi nilikuwa nimerudi garini kuchukua blanketi la pili. Waliinua bunduki wakafyatua wote pamoja kwenye kundi lililotulia majini. Sijui kama umewahi kusikia ndege elfu moja wakipaa kwa hofu, ni kama bati la nyumba nzima linang'olewa. Wakafyatua tena, na tena. Bata walianguka vipande vipande, mmoja alikuwa na bawa moja tu na alizunguka duara pale majini, anazunguka, anazunguka, na wale vijana wakaanza kuweka dau atazunguka mara ngapi. Hata yangeyange mmoja alipigwa, na yule haliwi, alipigwa tu kwa kuwa ni mweupe na anaonekana.

“Yusuf, yalla,” Nawaf akasema, akaonyesha maji.

Mimi kuogelea sijui, Kitui maji yenyewe ya kunywa ni ya kutafuta. Niliingia mpaka kifuani, meno yanagongana, nanyakua bata kwa shingo mmoja mmoja wakinipigapiga na mabawa usoni, mmoja akaning'ata sikio, na kule ukingoni wanacheka na kunipiga picha. Vijana wakasema waliokufa niwaache. Nikatoka na sita walio hai, wanatoka damu kwenye nguo zangu za ndani. Nawaf akanipa kisu. Wao walikuwa wamevaa nguo nyeupe mpya, hawakutaka kuchafuka. “Chinja haraka kabla hawajafa,” akasema. “Leo jioni babu atakula mawindo yangu.”

Mwanakombo alikuwa ameshuka na taulo la kunifunika. Alikiona kisu mkononi mwangu akasimama. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayezungumzia taulo, “Usichinje. Yule mzee atakula hawa.”

“Sasa nitawaambia nini?”

“Sema mkono umekufa ganzi kwa baridi.”

Nikasema. Nawaf akanizaba kofi la sikio, lile lile lililong'atwa, nikaona nyota mchana. Nikacheka, si unanijua sasa. Akaniuliza kwani mimi ni Muislamu wa namna gani nisiyeweza kuchinja bata. Hapo ndipo mahali pangu pa kusema. Neno lenyewe ni moja, Masihi, Mkristo, hata kwa Kiarabu changu nalijua. Nililiona limekaa mdomoni. Nikaona pia ikama yangu, na ndege ya kunirudisha, na mama akiniuliza nimekaa miezi mingapi. Nikalimeza. Mwanakombo alinitazama akasubiri, naye alijua kabisa kwamba akisema yeye mimi nimekwisha. Hakusema. Alichofanya ni kunitoa kisu mkononi. “Acha, baba,” akamwambia Nawaf kwa Kiarabu, “nitachinja mimi. Kwetu nimewahi.” Hakuwahi. Kwao mwanamke hachinji, alinikubalia hilo baadaye. Rafiki mmoja wa Nawaf akapiga makofi, akamwambia Nawaf hongera, kumbe kwenu mwanamume ni huyu mfanyakazi. Na yule wa pili akacheka mpaka akakaa chini.

Nawaf akamwambia aachie kisu. Mwanakombo akasema, “Dakika moja tu, baba.” Nawaf akageuza bunduki akaishika kwa mtutu, akampiga kitako kwenye kifundo cha mkono. Kisu hakikuanguka. Akapiga tena pale pale, na hiyo mara ya pili niliusikia mfupa, nilikuwa karibu kama nilivyo karibu na hii karatasi ninayoandikia. Mwanakombo alipiga magoti kwenye tope. Hakulia, alitoa pumzi ndefu tu, na mkono ukawa unaning'inia kama soksi. Nawaf akaokota kisu, akakipangusa kwenye mtandio wa Mwanakombo, akanipa. Nikachinja. Bata sita, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nikamsomea Bismillahi kwa sauti safi kabisa kama nilivyofundishwa dirishani, na mwalimu wangu amepiga magoti pembeni yangu akinisikiliza. Damu ilikuwa ya moto. Nakumbuka nilifurahi kwamba vidole vyangu vimepata joto.

Ndani ya gari kwenda hospitali Mwanakombo alilala kiti cha nyuma, Jaddi mbele, darubini shingoni. Tukafika nusu ya njia. Halafu Jaddi akaniuliza kwa nini binti yule alitaka kile kisu. Ujasiri wangu ulikuwa umechelewa lakini ulifika, nikamwambia mimi ni Mkristo, fomu ilidanganya, Mwanakombo alikuwa anakulinda wewe usile nyama iliyochinjwa na mkono wangu. Jaddi akageuka akanitazama kama ndege asiyekuwa kwenye kitabu chake. “Hilo tu?” akasema. “Mkristo akichinja tunakula. Mngeniuliza. Tungekula tu.” Nyuma yetu Mwanakombo akaanza kulia, kwa mara ya kwanza, na hakulia kwa ajili ya mfupa.

Sasa sikiliza vizuri. Kabla hatujafika, Nawaf alishapiga simu hospitali: mfanyakazi aliteleza kwenye mawe, akaanguka. Daktari alikuwa kijana, mpole, akauangalia ule mkono akasema kuanguka hakuvunji hivi, mahali pamoja mara mbili. Akamuuliza Jaddi, mzee, uliona nini? Na Jaddi, mtu aliyeweza kukuambia mwewe ni dume au jike kutoka ng'ambo ya bonde, akasema, “Macho yangu si mazuri. Muulize dreva.” Daktari akanigeukia na kalamu. Pazia la kitanda lilikuwa limefungwa. Nikasema, “Alianguka.” Akaandika. Niliongeza na mzaha kidogo, kwamba mawe yale hata mbuzi angeanguka. Daktari hakucheka, akaandika jina langu chini ya karatasi, akapiga muhuri.

Jioni ile nilinyonyoa wale bata mimi mwenyewe, jikoni hakukuwa na mtu. Walipikwa na wali, Jaddi akala, na nikaletewa sahani yangu pale getini. Nilikula yote. Ilikuwa tamu, sitawadanganya tena. Mwanakombo alirudishwa Kenya kabla mfupa haujashika vizuri, na mkononi alipewa ile karatasi ya hospitali. Mimi Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Jaddi kwa ndege zake kama kawaida. Na ile inayofuata. Kabla hajafa aliniandikia barua nzuri, dreva mwaminifu, akanipendekeza kwa mtu wa ukoo wao huku Jeddah. Ndiye madam ninayemwendesha, dada wa mama yake Nawaf.

Yote haya Mwanakombo alinisikiliza nikiyapita juu juu kwa mzaha pale kwenye pipa la taka, chai yake imepoa. Halafu akasema, “Nilikuwa nyuma ya pazia, Josefu. Nilisikia mpaka ile ya mbuzi.” Ndiyo mara ya kwanza aliniita jina langu. Nikatupa kikombe changu kwenye pipa. Akaendelea. “Sikuja kwa hilo. Nawaf ana mke sasa, wanatafuta msichana wa kazi. Kaka yangu ndiye aliyenipeleka mimi, na sasa amewapa jina la binti yangu. Pasipoti iko tayari. Mimi namkataza, kaka yangu anatoa ile karatasi. Inasema nilianguka. Binti yangu amekua akisoma karatasi hiyo, Josefu. Ananiambia mama, wewe uliteleza, nyumba ile haina neno.” Akatoa simu akaiweka juu ya boneti ya gari la madam. “Yeye hatanisikia mimi. Lakini jina la dreva aliyeshuhudia liko pale chini ya karatasi. Sema ulichoona, nirekodi.”

“Na hii ikifika kwa Nawaf?”

“Itafika. Kaka yangu atampigia siku hiyo hiyo.”

Akabonyeza. Nikaanza kwa kusema hujambo binti, mimi ndiye yule dreva mtanashati. Akazima, akafuta, akabonyeza tena. Mara ya pili nikaingiza habari ya kuogelea na sikio kung'atwa. Akazima, akafuta. Hakunigombeza, alinyoosha tu kidole kimoja kati ya vile vinavyonyooka akabonyeza mara ya tatu. Nikataja majina yangu yote matatu na namba ya ikama. Nikasema nilikuwepo, nilisimama umbali wa mkono mmoja. Nikasema ni nani, na alipiga na nini, na mara ngapi. Nilikuwa nimefika pale kwa daktari wakati mlango wa duka ulipofunguka, madam akatoka na toroli limejaa, akaita, “Josefu, yalla.” Nikamwinulia mkono asubiri, nikaendelea kusema.